Kabla hujanunua gari la kuishi nalo Mombasa: pima upana, soma uzito

Kama uko mbioni kununua gari na makao yako ni hapa Mombasa, iwe kisiwani au ng'ambo, nakuomba usianze na rangi wala siti za ngozi wala ile skrini kubwa ya dashibodi. Anza na vitu viwili ambavyo ukiingia yadi hakuna atakayekutajia, upana na uzito. Watu wanaulizana CC (ukubwa wa injini), wanaulizana mafuta, wanaulizana imetembea kilomita ngapi, basi, halafu gari inakuja mtaani ndo inajulikana kwamba haikati kona ya nyumbani, getini inapita kwa kuhesabiana vidole, na kabro (matofali ya kutandika njia) za jirani zimeanza kuzama.

Na si mambo ya mtu mmoja na gari yake tu. Mji huu ni kisiwa, barabara zilizopo ndo hizo, Digo Road haitapanuka kesho na Ndia Kuu haitapanuka milele manake pande zote mbili kuna nyumba za watu. Kila sentimita inayoongezeka kwenye gari inatolewa mahali, na mara nyingi inatolewa kwa anayetembea kwa miguu, kwa mama na beseni lake la viazi karai, kwa mtoto anayetoka madrasa.

Pima njia yako kwanza, gari baadaye

Chukua tepu ya fundi, ile ya mita tano yatosha. Nenda getini kwako upime nafasi kati ya nguzo na nguzo, usipime geti lenyewe manake geti likifunguka bawaba zinakula nafasi. Kisha toka upime kichochoro pale kilipobana zaidi, si pale kilipo kipana. Mji wa Kale pale pa kubana huwa ni kwenye baraza ya mtu, baraza ni ya mawe, haisogei na wala hustahili kutaka isogee, wazee wamekaa hapo tangu hujazaliwa. Mitaa mingine kama Tudor, Bondeni au Majengo utakuta ni nguzo ya stima au mtaro ulioachwa wazi. Andika hizo namba kwenye simu.

Sasa upana wa gari unaoandikwa kwenye makaratasi hauhesabu saiti mira. Ongeza kama sentimita 15 mpaka 20 kila upande. Land Cruiser ya V8, ile ya 200, ina upana wa mita 1.98 bila mira, ukiongeza mira umefika karibu mita 2.3 na zaidi, kwa hivyo kama geti lako ni mita 2.4 hapo wabakiwa na vidole tu, na hio ni ukinyoosha gari sawasawa, wala sijazungumza habari ya kuingia kwa pembe. Vitz ni mita 1.695, geti lile lile inapita na dereva bado anaongea na simu ya sikio (usiongee na simu lakini).

Kona nayo ina hesabu yake. Kuna namba inaitwa nusu kipenyo cha kugeuka, muuzaji wa Japani huiandika kwenye maelezo ya gari. Prado ya 150 ni mita 5.8, Probox ni kama 4.9. Tofauti ya mita moja hivi waiona ndogo mpaka siku unarudi mbele na nyuma mara nne kwenye kona huku tuktuk sita zimekusubiri na kila mmoja anapiga honi.

Mbona gari zetu nyingi ni milimita 1,695

Hapa ndo patamu na ningependa watu wapajue. Angalia upana wa Vitz: 1,695. Probox: 1,695. Nissan Note ya E12: 1,695. Sienta: 1,695. Raize: 1,695. Hata Hiace ya kawaida, hizi matatu zetu za watu 14, ni 1,695. Si bahati. Japani wana sheria, gari ikizidi upana wa mita 1.7 au urefu wa mita 4.7 au injini ya CC 2,000 inapandishwa daraja la namba za usajili, kutoka zinazoanza na 5 kwenda zinazoanza na 3, na zamani daraja la 3 lilikuwa na kodi nzito sana. Kwa hivyo viwanda vikachonga gari ikaishia milimita tano kabla ya mstari. Chini yake kuna daraja jingine la vigari vidogo kabisa, vile vya namba za manjano, upana mwisho mita 1.48, urefu mita 3.4, injini 660. Na juu ya hayo yote kuna kodi ya uzito, kila nusu tani ina kiwango chake, ipo tangu 1971.

Yaani sheria ya watu wa mbali ndo imetulinda sisi huku miaka yote hii. Matatu ya Hiace inayobeba abiria 14 kutoka Bamburi mpaka mjini ni nyembamba kuliko Prado ya 150 yenye mtu mmoja ndani, Prado ni 1,885, karibu shibiri nzima zaidi. Hapo nataka usimame kidogo ufikirie, gari ya watu 14 na gari ya mtu mmoja, na ya mtu mmoja ndo pana.

Lakini ule ulinzi unaisha, gari zinanenepa. RAV4 ya kwanza ya 1994 ilikuwa 1,695, ya sasa hivi imefika 1,855. Noah ilishikilia 1,695 kwa miaka, toleo la 2022 limekuja na 1,730. Land Cruiser ya 250 iliyokuja kushika nafasi ya Prado imefika 1,980, sawa na V8. Na kwa vile sisi haturuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, zile nyembamba za zamani hazirudi, tutaletewa hizi hizi zilizonenepa. Ulaya pia vilevile, shirika la Transport & Environment lilipima likakuta gari mpya zinapanuka kwa wastani wa sentimita moja kila miaka miwili, na kufikia 2023 wastani ulikuwa umepita sentimita 180.

Jinsi ya kusoma uzito bila kudanganywa

Kama gari ndo inatoka Japani kuja bandarini, mwambie ejenti akutumie picha ya eksport satifiketi. Usikubali "nitakuletea baadaye". Kwenye hiyo karatasi utaona urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu uzito kwa kilo, na uzito wa namna mbili. Wa kwanza ni wa gari tupu. Wa pili ni gari ikiwa na abiria wote na mzigo wake. Soma yote miwili, usishike ule mdogo peke yake. Gari tayari ikiwa na namba ya Kenya, tafuta uzito mtupu kwenye logibuku (kitabu cha usajili).

Ukiwa yadini na karatasi hazijaonekana, inama kwenye tairi. Pembeni ya tairi kuna maandishi kama 165/70R14 81S. Ile 81 ndo unayoitaka, ni namba ya mzigo ambao tairi moja inaweza kubeba, 81 ni kilo 462. Prado utakuta 265/65R17 112S, na 112 ni kilo 1,120. Hio namba haikwambii uzito wa gari kamili, inakwambia mtengenezaji alikuwa anategemea tairi ibebe nini, na kwa mtu aliyesimama kwenye jua la Mombasa bila karatasi inatosha kujua unachezea daraja gani. Ila hakikisha tairi zote nne zinafanana, yadi zingine hufunga zozote zilizopo.

Kwa makadirio, shika hivi: Passo ni kama kilo 900 na kitu, Vitz karibu tani moja, Probox tani moja na kidogo, Harrier na CX-5 zinazunguka tani moja na nusu kwenda juu, Prado imepita tani mbili, V8 ni tani 2.6 hivi. Na za umeme ziangalie mara mbili, betri ni mzigo. Ile Hummer ya umeme ya Marekani ina zaidi ya tani nne, betri peke yake ni zaidi ya kilo 1,300, yaani betri yake ni nzito kuliko Vitz nzima na dereva wake. Sisemi gari ya umeme ni mbaya, ya umeme ndogo ni nzuri sana kwa mji kama huu wa safari fupifupi, nasema usidhani umeme maana yake ni nyepesi.

Unapaki juu ya nini?

Swali hili watu hawajiulizi na mimi naona ndo la kwanza kwa nyumba zetu. Sehemu kubwa ya Mombasa haina laini ya maji taka, majumba yana tenki la choo kwenye uwanja, na kwa sababu uwanja ni mdogo tenki hilo liko pale pale panapopakiwa gari. Juu yake kuna slabu ya zege na kifuniko. Slabu iliyomwagwa miaka ya nyuma wakati mwenye nyumba alikuwa na baiskeli, na hewa yetu ya chumvi nondo za ndani imeshazila.

Gari ya tani moja inaweka kama kilo 250 kwa kila tairi. Ya tani 2.6 inaweka 650, na ukiingiza familia na mtungi wa gesi na mchele wa mwezi ni zaidi. Slabu haijali gari nzima ina uzito gani, inajali ile tairi moja iliyosimama katikati yake. Kwa hivyo kabla ya kuleta gari nzito, mwite fundi afunue kifuniko, atazame slabu kwa chini na tochi. Mkiona nondo zimetoka nje zina rangi ya kutu, au zege linabanduka vipande, hapo hapapakiwi gari yoyote, hata Passo, mpaka imwagwe upya. Mpangaji usione haya kumuuliza mwenye nyumba, muulize kwa adabu, "mzee, tenki liko wapi na slabu ina umri gani", ni haki yako na watoto wako wanacheza hapo.

Kabro nazo. Kabro haina nguvu yake yenyewe, nguvu iko kwenye kifusi kilichoshindiliwa chini yake na mchanga juu ya kifusi. Kichochoro kilichotandikwa kwa ajili ya miguu na mikokoteni, gari nzito ikipita kila asubuhi na kila jioni kwenye mstari ule ule, utaona mabonde mawili yanajichora, mvua ya Mei ikija maji yanalala humo, mchanga unaondoka, kabro zinaanza kucheza ukikanyaga. Inama uangalie kichochoro chako leo. Kama mabonde yapo tayari na gari zinazopita ni ndogo, basi jua msingi ni mwepesi na wewe usilete nzito.

Kuna kanuni wahandisi wanaitumia, ilitoka kwenye majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba uharibifu unapanda kwa uzito wa ekseli ukizidishwa mara nne kwa wenyewe. Ekseli ikiwa nzito mara mbili, uharibifu ni mara 16. V8 kwa Vitz inatoka kama mara 45. Lakini tuseme ukweli wote, kwa kanuni hiyo hiyo lori la kontena likipita Changamwe na ekseli ya tani kumi linafanya kazi ya uharibifu ambayo gari ndogo zingehitaji kupita mara maelfu kwa maelfu, kwa hivyo barabara kuu usimlaumu mwenye Prado. Vichochoroni ambako malori hayaingii, hapo ndo hesabu inamrudia.

Jaribio la stuli na dumu

Hili lifanye hata kama gari umeshaipenda, hasa kama imeshakupendeza. Weka stuli ya plastiki mbele ya gari, juu yake weka dumu la lita 20, hapo una kimo cha mtoto mdogo. Kaa kwenye siti ya dereva uvae mkanda, umwambie mtu asogeze stuli kutoka bampa kwenda mbele taratibu mpaka wewe uone juu ya dumu. Simamisha, pima na tepu kutoka bampa mpaka stuli. Hio sehemu yote mtoto anaweza kusimama na wewe usimwone. Fanya na Vitz, kisha fanya na ile kubwa, utaona mwenyewe.

Taasisi ya usalama ya kampuni za bima Marekani, IIHS, ilitoa utafiti 2023, gari zenye boneti ya kimo cha zaidi ya inchi 40, yaani mita moja na kitu, zikigonga mtembea kwa miguu uwezekano wa kumuua ni kama asilimia 45 zaidi kuliko gari za boneti fupi iliyolala. Sababu ni rahisi, boneti ya chini inampiga mtu mguuni anaangukia juu yake, boneti ya juu inampiga kifuani au kichwani na kumtupa chini mbele ya tairi. Mji ambao watu wanatembea barabarani kwa sababu pembezoni pameshikwa na vibanda na gari zilizopakiwa, hii si habari ya Marekani tena, ni ya Kongowea na Mwembe Tayari.

"Lakini mimi nataka gari ya juu, mvua ikinyesha je?"

Hoja hii naisikia sana na ina ukweli, mvua kubwa ikishuka kuna mitaa inageuka bahari. Ila unachohitaji hapo ni kimo kutoka chini, si upana wala tani. Jimny Sierra ina kimo cha sentimita 21 chini ya tumbo, Prado inakaribiana naye hapo hapo kwa 22 hivi, na Jimny ina upana wa 1,645 na uzito wa tani moja na kidogo. Bei ya Jimny si ya mchezo, najua, basi kuna Raize, 1,695 kwa upana, karibu tani moja, kimo sentimita 18.5, injini ya 996, na imeanza 2019 kwa hivyo bado inaingia kwenye miaka minane. Ukipata Rush iliyotumika hapa hapa Kenya na ikatunzwa, ina sentimita 20.

Una familia kubwa? Sienta watu saba kwa upana wa 1,695. Ukitaka nafasi zaidi, Noah ya kabla ya 2022, ila angalia toleo manake zile za Si ni pana kidogo.

Na kama kweli kazi yako ni ya Taita au Tana River, unapita kwenye matope, unavuta boti, chukua kubwa bila wasiwasi, kazi ni kazi. Lakini ikifika mjini iache mahali pa kutosha, ingia Mji wa Kale na tuktuk.

Sheria zilizopo, na ile tunayoweza kuiomba

Kwetu sheria ya uzito inaanzia kilo 3,500. Hapo ndo unaanza kuitwa kwenye mizani ya Mariakani, na juu kabisa lori la ekseli saba halitakiwi kuzidi tani 56 kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chini ya 3,500, gari yako iwe tani moja au tatu, hakuna anayekuuliza. Ushuru wa kuingiza unaangalia thamani na CC, na hapo ndo pana mwanya, manake siku hizi gari pana ya tani moja na robo tatu yaweza kuwa na injini ya 1,500 tu, X-Trail ya e-Power ni mfano, inaingia kwenye kundi moja la CC na gari ndogo.

Wenzetu wameanza kuziba. Ufaransa tangu 2022 ina kodi ya uzito kwa gari mpya za abiria, ilianza kwa zilizozidi kilo 1,800, 2024 wakashusha mpaka 1,600. Jiji la Paris likapiga kura Februari 2024, waliojitokeza walikuwa wachache sana, chini ya asilimia sita, lakini asilimia 54 na nusu wakasema ndio, na kuanzia Oktoba mwaka ule mgeni anayepaki gari ya tani 1.6 na zaidi, au ya umeme ya tani 2 na zaidi, analipa yuro 18 kwa saa katikati ya jiji na 12 kwingine. Wakazi wanaopaki kwenye mtaa wao hawaguswi.

Je sisi twaweza? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti barabara zake na mambo ya trafiki na pakingi. Ada za pakingi zinapangwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, na kabla haijapita lazima wananchi waitwe kutoa maoni. Tangazo likitoka, usiende kupiga kelele, nenda na karatasi. Andika ukurasa mmoja, jina, wadi, namba ya kipengele cha pakingi kwenye ule mswada, kisha pendekezo lako kwa kilo na kwa milimita. Mimi ningeandika hivi: ada ya kawaida kwa gari isiyozidi kilo 1,600 kwenye logibuku, ada ya juu kwa inayozidi, Mji wa Kale na Markiti gari iliyozidi upana wa mita 1.8 isipakiwe barabarani mchana, na wasiguswe ambulensi, zimamoto, matatu, gari ya mtu mwenye ulemavu wala mkazi aliye kwenye mtaa wake. Ambatisha picha za kabro zilizozama zikiwa na tepu juu yake, namba zionekane, na majina ya barabara. Tengeneza nakala mbili, moja uipeleke kwa karani wa bunge la kaunti na uombe muhuri wa kupokelewa kwenye ya pili, hio ya pili nenda nayo ofisi ya MCA wako (mwakilishi wa wadi), na kama mtaa wenu una kamati, wasaini wengi kadiri iwezekanavyo, na wenye gari kubwa pia waombeni wasaini, manake slabu za matenki na watoto ni wa wote.